Mtazamaji kama Mwamuzi: Uhakiki wa Uandishi wa Historia ya Mashindano ya Ngoma za Wasukuma katika Shinyanga na Geita

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna mashindano ya ngoma za Wasukuma, hususan yale ya Bagika na Bagalu, yalivyoandikwa katika historia ya sanaa za maonyesho nchini Tanzania. Maandishi yanayohakikiwa ni ya Cory (1946), Ranger (1975), Muhando na Balisidya (1976), Lihamba (1985), Songoyi (1988), Gunderson na Barz (2000) na Gunderson (2010). Hoja kuu ni kwamba maandishi hayo, licha ya michango yake mikubwa, yamemtazama zaidi mtendaji, dola na matini ya wimbo, na kumwacha mtazamaji katika nafasi ya mpokeaji. Katika uwanja wa Usukuma, mtazamaji ndiye aliyeamua nani ameshinda, na alifanya hivyo kwa kuhama kutoka kundi moja kwenda jingine. Makala yanaonyesha kwamba mabadiliko makubwa ya burudani hii katika karne ya 20 yanaeleweka vizuri zaidi yakichunguzwa kama mabadiliko ya mwamuzi.

1.0 Utangulizi

Historia ya sanaa za maonyesho katika Tanzania kwa kawaida huanza kusimuliwa kwa kutaja majengo. Kwa upande wa Zanzibar hutajwa jumba la Royal, lililofunguliwa mwaka 1921. Kwa upande wa Dar es Salaam na Arusha hutajwa vikundi vya Wazungu vilivyoanzisha kumbi ndogo za michezo ya kuigiza katika miaka ya 1940 na 1950. Baada ya hapo hufuata michezo ya shuleni, kisha tamthilia za Kiswahili za baada ya Uhuru, na hatimaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vikundi vya sanaa vya taifa. Ngoma hupewa aya chache mwanzoni, chini ya kichwa cha sanaa za jadi, kana kwamba ilikuwepo kabla ya historia na ikabaki hapo ikisubiri ukumbi ujengwe.

Mpangilio huo unaleta tatizo kwa mtu anayechunguza eneo la Shinyanga na Geita. Katika miaka ileile ambayo miji ya pwani ilikuwa inapata kumbi zake za kwanza za starehe, Usukuma ulikuwa na mfumo wake wa burudani ya hadhara wenye msimu maalumu, makundi yenye majina, watunzi waliofahamika mbali na vijiji vyao, maandalizi ya miezi kadhaa na hadhira kubwa iliyosafiri kwa miguu ili kutazama. Mfumo huo haukuwa na paa wala mlango wa kulipia kiingilio, ila ulikuwa na jambo ambalo kumbi nyingi za mjini hazikuwa nalo, yaani utaratibu ulio wazi wa kuamua, mbele ya watu wote, ni nani aliyefanya vizuri zaidi.

Swali la makala haya linatokana na jambo hilo: waandishi waliouandika uwanja wa Usukuma wamemweka wapi mtazamaji? Ili kulijibu, makala yanaeleza kwanza kanuni za uwanja wenyewe, kisha yanahakiki maandishi teule, na baadaye yanachunguza jinsi migodi, misheni na dola zilivyobadili nafasi ya mwamuzi.

2.0 Uwanja na Kanuni Zake

Mapokeo ya simulizi ya Wasukuma yanahusisha chimbuko la makundi ya Bagika na Bagalu na ushindani wa watu wawili, Ngika na Gumha, waliosifika kwa uganga na ngoma. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, na wafuasi wa Gumha ndio Bagalu. Kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 20 mgawanyiko huo ulikuwa umeenea sehemu kubwa ya Usukuma. Mtu aliingia katika kundi kwa kupitia kiongozi wake na dawa za kundi hilo, na mara nyingi alibaki humo maisha yake yote. Chini ya makundi hayo mawili makubwa kulikuwa na aina mbalimbali za mbina, yaani ngoma, zilizotofautiana kwa chimbuko na kwa ufundi. Bugobogobo ilitokana na kazi ya kulima kwa pamoja, na wachezaji wake hucheza na majembe. Bayeye walijulikana kwa kushika na kucheza na nyoka. Bununguli ilihusishwa na wawindaji wa nungunungu. Wigashe, ambayo jina lake latokana na kitendo cha kuketi, iliwaweka waimbaji wakiwa wameketi na kuyapa maneno ya wimbo uzito zaidi kuliko mirindimo ya miguu.

Msimu wa mashindano ulifuata kalenda ya kilimo. Mvua zilipokwisha na mavuno yakawa ghalani, kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti, watu walikuwa na muda na chakula. Kabla ya hapo, wakati wa kulima, vijana walikuwa wamekwisha kufanya kazi na kuimba pamoja katika makundi yao ya kazi chini ya nsumba ntale, kiongozi wa vijana. Kwa hiyo shamba lilikuwa pia mahali pa mazoezi. Nyimbo zilizotungwa na ningi, mtunzi na kiongozi wa waimbaji, zilijaribiwa kwanza mbele ya watu waliokuwa na majembe mikononi. Wimbo ambao haukuwasukuma walimaji usingeweza kutarajiwa kuwavuta wageni.

Kanuni ya mashindano yenyewe ni rahisi kuieleza. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, katika eneo moja, yakiwa na nafasi baina yao. Watazamaji husimama popote wanapotaka, na wana hiari ya kuhama. Kundi linalocheza vizuri huona mduara wake ukinenepa, na kundi linalochosha huona migongo ya watu. Mwisho wa siku, au baada ya siku kadhaa, aliyebaki na umati mkubwa ndiye mshindi. Hapakuwa na haja ya kutangaza matokeo, kwa kuwa kila aliyekuwepo alikuwa ameyaona na alikuwa ameshiriki kuyafanya.

Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza mambo mengi ambayo wageni waliyaona kuwa ni vituko. Vinyago vya mbao, wanyama wa porini waliofundishwa au kufugwa, mavazi yasiyotarajiwa, nyoka wakubwa na michezo ya hatari vilikuwa ni mbinu za kuwahamisha watu kutoka upande wa pili. Kila kundi lililazimika kuficha jambo jipya hadi saa lilipohitajika. Dawa za kuvutia watu, ambazo viongozi wa makundi walizitumia na kuzitangaza, zilikuwa na maana katika mfumo huohuo. Iwe mtu anaamini nguvu ya dawa hizo au haamini, lengo lake linajulikana, nalo ni macho na miguu ya mtazamaji. Hata nyimbo za kejeli, ambazo ningi wa upande mmoja alimtungia ningi wa upande wa pili, zilitungwa kwa kujua kwamba anayepaswa kucheka ni mtu wa tatu aliyesimama katikati na bado hajaamua aende wapi.

3.0 Uhakiki wa Maandishi Teule

3.1 Jicho la Ofisi

Hans Cory, aliyefanya kazi ya utafiti wa mila kwa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, ni miongoni mwa waandishi wa mwanzo walioyaeleza makundi ya Usukuma kwa kina. Makala yake ya mwaka 1946 kuhusu Bayeye bado ni chanzo muhimu kwa sababu ya wingi wa taarifa zake kuhusu ngazi za uanachama, taratibu za kuingizwa na matumizi ya dawa. Hata hivyo, Cory aliwaita Bayeye chama cha siri. Jina hilo linahitaji kuhojiwa. Ni kweli kwamba dawa na mafunzo ya kundi havikutolewa kwa kila mtu. Lakini umaarufu wa Bayeye ulitegemea hadharani. Mshika nyoka asiyeonekana na watu hana tofauti na asiyeshika nyoka kabisa. Siri yao ilikuwa kama ile ya fundi yeyote anayeficha namna ya kutengeneza huku akikionyesha kile alichokitengeneza.

Sababu ya Cory kuikazia macho siri inaeleweka. Ofisi ya kikoloni ilitaka kujua ni nani anamtii nani nje ya mfumo wa watemi uliotambuliwa na serikali. Kwa jicho hilo, kundi la ngoma ni daftari la wanachama na viapo. Mtu aliyekuja kutazama, akacheka, kisha akarudi kwake bila kula kiapo chochote, hana nafasi katika daftari hilo. Hivyo basi, kutoka mwanzo wa kuandikwa kwake, uwanja wa Usukuma uliingia katika kumbukumbu bila hadhira.

3.2 Mtazamaji wa Nne

Baada ya Uhuru, wataalamu wa Kitanzania walirekebisha sehemu kubwa ya upotoshaji uliotangulia. Muhando na Balisidya, katika kitabu chao cha Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walikataa dhana kwamba Mwafrika alikuwa hana sanaa za maonyesho mpaka alipoletewa drama ya Kizungu. Walipendekeza vigezo vinne vya kuitambua sanaa ya maonyesho: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Vigezo hivyo vimefundishwa kwa miongo mingi na vimerudiwa katika tasnifu nyingi za Kiswahili, na umuhimu wake hauna ubishi. Kwa vigezo hivyo, mashindano ya Bagika na Bagalu ni sanaa ya maonyesho bila kuhitaji kuombewa ruhusa na jengo lolote.

Tatizo limejitokeza katika matumizi ya vigezo hivyo. Watafiti wengi wamevichukua kama orodha ya kutiki. Wakishathibitisha kwamba watazamaji wapo, hugeuka na kumshughulikia mtendaji na dhana. Mtazamaji wa nne katika orodha amekuwa wa nne pia katika uzito. Katika uwanja wa Usukuma, vigezo hivyo haviwezi kutenganishwa kwa namna hiyo. Watazamaji wanapohama, uwanja wenyewe hubadilika umbo, kwa kuwa mipaka yake ni miili yao. Mtendaji anapoona mduara ukipungua, hubadili alichokuwa anakitenda, na hivyo dhana inayotendeka hubadilika pia. Kigezo cha nne ndicho kinachoviendesha vile vitatu. Orodha ya mwaka 1976 haikatazi usomaji huo. Waliofuata ndio hawakuusoma hivyo.

3.3 Msanii na Dola

Kazi za Lihamba (1985) na Songoyi (1988) zilihamishia mjadala kwenye siasa. Lihamba alichunguza uhusiano wa siasa na sanaa za maonyesho baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na kuonyesha jinsi dola ilivyozitumia sanaa kuhamasisha umma. Songoyi aliandika kuhusu athari za biashara katika ngoma za asili, na katika tasnifu yake ya umahiri aliwalinganisha waimbaji wawili, Kalikali na Mwinamila, kwa kuangalia namna kila mmoja alivyohusiana na dola. Ulinganisho huo una thamani ya pekee kwa sababu unamtoa mwimbaji wa Kisukuma katika kundi la wasanii wa jadi wasio na majina na kumweka mahali pake kama mtunzi mwenye msimamo.

Pamoja na mafanikio hayo, mhimili wa uchambuzi una ncha mbili tu: msanii upande mmoja na dola upande mwingine. Msanii ama anaitumikia dola ama anaikosoa. Lakini mwimbaji anayekosoa huhitaji kwanza watu wa kumsikiliza, na katika Usukuma watu hao hawakuwa mateka wa sauti yake. Walikuwa na mahali pengine pa kwenda, hatua chache tu kutoka pale alipo. Ushujaa wa ningi anayewasema wakubwa unapaswa kupimwa pamoja na ukweli kwamba umati ulimtarajia aseme jambo lililowagusa, la sivyo ungemhama. Kwa maneno mengine, ukosoaji katika nyimbo za Kisukuma haukuwa tu tabia ya msanii binafsi. Ulikuwa ni sehemu ya mahitaji ya uwanja. Mhimili huo ukiongezwa ncha ya tatu, yaani hadhira yenye uwezo wa kuondoka, swali la kwa nini baadhi ya waimbaji waliacha kukosoa nalo hubadilika. Inabidi kuuliza ni lini na wapi waliacha kuitegemea hadhira hiyo.

3.4 Mashindano na Matini

Ranger (1975), katika historia yake ya ngoma ya beni, alionyesha kwamba ushindani wa makundi ya ngoma katika Afrika Mashariki haukuwa mchezo usio na maana wala uigaji mtupu wa bendi za kijeshi za Wazungu. Gunderson na Barz (2000) walipanua hoja hiyo kwa kukusanya tafiti za sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki chini ya dhana ya mashindano, na Usukuma ukapata nafasi yake humo. Mkabala huo ni wa karibu zaidi na hoja ya makala haya. Hata hivyo, mashindano yamesomwa humo zaidi kama uhusiano wa wapinzani wawili. Mtazamaji huonekana pale tu inapobidi kueleza nani alishinda, kisha hutoweka.

Gunderson (2010) amefanya kazi ambayo mtafiti yeyote wa Usukuma hawezi kuipita. Amekusanya, kutafsiri na kufafanua zaidi ya nyimbo 300 za kazi, kuanzia za wapagazi na wawindaji hadi za wakulima. Kitabu hicho kimeokoa maneno ambayo vinginevyo yangepotea pamoja na wazee walioyaimba. Gharama yake ni kwamba kila wimbo umekuwa matini inayosimama peke yake, na nyimbo zote zimekuwa na nafasi sawa ukurasani. Msomaji hawezi kujua ni wimbo upi uliojaza mduara na upi uliouvunja. Hilo si kosa la mkusanyaji, kwani ndiyo hali ya matini yoyote iliyoandikwa. Hata hivyo linawataka wahakiki wanaozitumia nyimbo hizo wasihesabu umuhimu wa wimbo kwa uzuri wa tafsiri yake.

4.0 Mgodi, Misheni na Jukwaa: Mabadiliko ya Mwamuzi

Almasi ya Mwadui ilianza kuchimbwa na Williamson mwaka 1940. Mgodi wa dhahabu wa Geita wa enzi ya ukoloni ulianza kazi katika miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966; uchimbaji mkubwa ulirejea Geita mwaka 2000. Maeneo hayo yaliwaleta pamoja vijana wa kutoka vijiji na makabila mbalimbali, wakiwa na mshahara na saa maalumu za kazi na mapumziko. Kalenda ya mgodi haifuati mavuno. Kijana aliyelipwa kwa mwezi ana siku moja ya mapumziko badala ya msimu mzima, na mduara wa watu waliokuja kwa siku moja hauwezi kupima mashindano yaliyokuwa yakipimwa kwa siku kadhaa. Upungufu wa muda ulimpunguzia mtazamaji uwezo wa kulinganisha.

Fedha nayo ilileta namna nyingine ya kuamua. Kutunza, yaani kumpelekea mchezaji au mwimbaji fedha hadharani anapokuwa katikati ya sanaa yake, ni desturi inayojulikana kote Tanzania. Kutunza ni hukumu kama kuhama, lakini ni hukumu ya mwenye nacho. Miguu kila mtu anayo, ilhali noti ana nayo mmoja mmoja. Pale kutunza kunapochukua nafasi ya kuhama, mwimbaji huanza kumtaja mtu kwa jina badala ya kuusemesha umati. Hoja ya Songoyi kuhusu biashara inapata hapa maelezo ya ndani zaidi, kwamba biashara ilibadili kwanza mtu mwenye haki ya kuamua, na bei ikafuata baadaye.

Misheni ya Kikatoliki ilichukua njia tofauti. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement, mmisionari wa kutoka Kanada, aliingiza ngoma na ala za Kisukuma katika maisha ya parokia kuanzia miaka ya 1950 na kuweka msingi wa makumbusho ya Wasukuma. Sherehe ya Bulabo, inayofungamana na sikukuu ya Ekaristi ya mwezi Juni, iliwapa Bagika na Bagalu mahali pa kukutana kila mwaka. Tukio hilo linastahili kuheshimiwa, kwa sababu lilihifadhi muundo wa makundi mawili yanayoshindana mbele ya umati, wakati ambapo makanisa mengi yalikuwa yakizikemea ngoma. Wakati huohuo lilihamisha msimu kutoka katika mikono ya wavunaji na kuuweka katika kalenda ya kanisa, na likaupa uwanja mwenyeji asiyehamahama.

Dola ndiyo iliyoleta mabadiliko makubwa zaidi. Mwaka 1962 Rais Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akieleza kwamba ukoloni ulikuwa umewafanya Waafrika waone kuwa hawana utamaduni wao wenyewe. Nia hiyo ilizaa kikundi cha taifa cha ngoma katika miaka ya 1960, na baadaye Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981. Bugobogobo ikawa miongoni mwa ngoma zinazofundishwa na kuonyeshwa kama mali ya taifa zima. Ilitoka shambani ikafika viwanja vya ndege kupokea wageni, na majukwaani katika sherehe za kitaifa. Wasukuma wengi waliona fahari kwa jambo hilo, na walikuwa na haki ya kuona hivyo.

Lakini jukwaa lina upande mmoja. Mtazamaji ameketi, ameelekezwa mbele, na kundi moja hucheza kwa dakika chache kabla ya kumpisha jingine. Katika mashindano rasmi, majaji hukaa mezani na kutoa alama kwa mavazi, ubunifu, ujumbe na nidhamu ya muda. Umati unaruhusiwa kupiga makofi, ila makofi hayahesabiwi. Mtu asiyependezwa hana pa kwenda isipokuwa nyumbani. Hapo ndipo kigezo cha nne cha Muhando na Balisidya kilipogeuzwa kuwa cha nne kwelikweli.

Umuhimu wa jambo hili unavuka mipaka ya burudani. Chama cha TANU kilinyimwa kibali cha kufanya kazi katika Usukuma kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walipinga baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko, na umati mkubwa ulitembea kwa miguu hadi Mwanza kufikisha malalamiko yake, kama Maguire (1969) anavyosimulia. Haitakuwa sahihi kudai kwamba ngoma ndiyo iliyowapeleka. Inatosha kusema kwamba kukusanyika, kulinganisha na kuhama upande hakukuwa jambo geni kwa watu hao. Serikali ambayo ilikuwa imejifunza kuyatazama makundi ya ngoma kama vyama vya siri haikuwa imejifunza kuutazama umati.

5.0 Mjadala

Hoja ya mtazamaji kama mwamuzi inaweza kupingwa kwa namna tatu, na kila pingamizi lina uzito.

Kwanza, inaweza kusemwa kwamba umati hauna ladha. Hufuata kipya na cha ajabu, na kumwacha mwimbaji mwenye mafumbo kwa sababu jirani ameleta nyoka. Hilo ni kweli kwa kiasi. Ukuaji wa wigashe, hata hivyo, unaonyesha kwamba hadhira hiyohiyo iliyovutwa na nyoka iliweza pia kuketi na kusikiliza maneno kwa muda mrefu. Umati ulikuwa na ladha zaidi ya moja.

Pili, inaweza kusemwa kwamba umati haukuwa huru. Undugu, uanachama na hofu ya dawa viliamua watu wasimame wapi kabla ngoma haijapigwa. Pingamizi hili ni zito zaidi. Mgika wa kuzaliwa hakuwa mtazamaji asiye na upande. Lakini mashindano yasingekuwa na maana endapo kila mtu angebaki kwa wenzake. Ushindi ulipatikana pembezoni, kwa wale ambao uaminifu wao ulikuwa hafifu, kwa wageni, kwa watoto, na kwa wanachama wa upande wa pili waliosogea wakidhani hawaonekani.

Tatu, inaweza kusemwa kwamba hoja hii inautukuza uwanja wa zamani na kuusahau ukali wake, yakiwemo matusi, ugomvi na mamlaka ya wanaume wazee juu ya vijana na wanawake. Makala haya hayadai kwamba uwanja ulikuwa wa haki. Yanadai kwamba ulikuwa na aina ya uamuzi ambayo ilikuwa wazi kwa macho ya wote, na kwamba aina hiyo ilipoondolewa, nafasi yake haikuchukuliwa na haki kubwa zaidi. Ilichukuliwa na meza ya watu wachache.

Kutokana na mjadala huo, kuna mambo mawili ambayo tafiti za baadaye zinaweza kuyafanya. La kwanza ni kubadili maswali ya mahojiano. Mtafiti anayewahoji wazee wa Shinyanga au Geita huwauliza walicheza ngoma gani na waliimba nini. Awaulize pia walikwenda kutazama nani, walitembea umbali gani, waliondoka katika mduara upi na kwa nini. Mtu ambaye hakuwahi kucheza hata mara moja ni shahidi halali wa historia hii. La pili ni kuzisoma kumbukumbu za washindi kwa tahadhari. Vikombe na vyeti vya mashindano rasmi vinabaki ofisini, ilhali mduara huvunjika jioni na kuacha vumbi. Historia itakayoandikwa kwa vyeti peke yake itawasahau baningi waliofuatwa na watu bila kupewa kikombe.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamehakiki maandishi yaliyoujenga ujuzi wa kitaaluma kuhusu mashindano ya ngoma za Wasukuma. Imeonekana kwamba Cory aliandika kundi bila hadhira. Watumiaji wa vigezo vya Muhando na Balisidya wameihesabu hadhira bila kuipa uzito. Lihamba na Songoyi wameweka msanii na dola uso kwa uso. Ranger, Gunderson na Barz wameweka wapinzani wawili. Na mkusanyo wa Gunderson umehifadhi maneno bila kuweza kuhifadhi mwendo wa watu. Kila kazi imeongeza jambo ambalo iliyotangulia haikuwa nalo. Kinachobaki ni kumwandika mtu aliyesimama baina ya miduara miwili.

Mabadiliko yaliyofuata, kuanzia mgodi na misheni hadi jukwaa la taifa, yameelezwa mara nyingi kama kufifia kwa mila. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu ngoma zenyewe hazikufifia: bugobogobo inachezwa leo mbele ya watu wengi zaidi kuliko wakati wowote uliopita. Kilichopungua ni haki ya watu hao ya kuondoka na kuhesabiwa kwa kuondoka kwao. Uhakiki wa sanaa za maonyesho wa Kiswahili, ambao tangu mwaka 1976 umepigania uwanja wa Mwafrika utambuliwe kuwa ukumbi kamili, utakuwa umeimaliza kazi hiyo utakapomtambua pia mwamuzi wake.